Kitabu Kwanza, Filamu Baadaye: Jinsi ya Kutazama Kitabu Teule Ulichokwisha Kusoma

UTANGULIZI

Kila mwaka, muhula wa pili unapokolea na mtihani wa KCSE kuanza kunukia, tangazo hubandikwa kwenye ubao wa shule: kikundi cha waigizaji kinakuja kuigiza vitabu teule. Kiingilio ni kadha wa kadha. Hapa Chepkoilel, katika barabara ya kutoka Eldoret kwenda Ziwa, utawaona wanafunzi wakivuka mashamba ya mahindi wakiwa wamevalia sweta zao, wakielekea kwenye ukumbi wa shule jirani. Wengine hawangoji waigizaji. Wana video ya mchezo huohuo kwenye simu ya kaka au kwenye tarakilishi ya shule.

Katika msafara huo kuna wanafunzi wa aina mbili. Wa kwanza amekisoma kitabu hadi ukurasa wa mwisho. Wa pili hajakifungua, au amekifungua akaishia jalada na orodha ya wahusika. Huyu wa pili anasema moyoni, "Nikitazama saa mbili, nitakuwa nimemaliza kazi ya wiki mbili." Wote wawili watakaa kwenye benchi moja na kutazama jukwaa moja. Lakini hawatatazama kitu kimoja, na hawatatoka na kitu kimoja.

Somo hili linahusu tofauti kati ya wanafunzi hao wawili. Msimamo wetu tunautaja mapema: soma kitabu kwanza. Hatusemi hivyo kwa sababu filamu ni mbaya au ni ya wavivu. Tunasema hivyo kwa sababu anayesoma kwanza hupata kazi mbili za sanaa, ilhali anayetazama kwanza mara nyingi hubaki na moja.

MALENGO

Kufikia mwisho wa somo hili, uweze:
(a) kueleza jinsi kusoma kitabu kunavyoathiri utamu wa filamu au mchezo uliotokana nacho;
(b) kutambua mambo ambayo filamu hubadilisha, na sababu zake;
(c) kutofautisha hali ya riwaya na hali ya tamthilia katika suala hili;
(d) kuepuka makosa ya mtihani yanayotokana na kutazama bila kusoma.

1. SOKO LA CHAPAKAZI LIKO WAPI?

Tuanze na swali dogo. Ulipoisoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, soko la Chapakazi lilikuwa wapi akilini mwako?

Mwandishi ametuambia kwamba liko Sagamoyo, na kwamba ndani yake mna karakana ambamo Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago. Hajatuambia rangi ya mabati. Hajatuambia kama mvua ikinyesha hapo panakuwa na tope. Hayo umeyatia wewe mwenyewe. Mwanafunzi wa Chepkoilel hulijenga soko hilo kwa vibanda anavyovijua: mama mboga wa kituoni, fundi wa viti kando ya lami, mahindi ya kuchoma, boda boda waliojipanga wakingoja abiria. Mwanafunzi wa Lamu hulijenga kwa mawe ya matumbawe na upepo wa bahari. Kitabu ni kimoja, masoko ni maelfu.

Basi Majoka anapolifunga soko hilo, linalofungwa ni soko lako. Ndiyo sababu unakasirika. Ashua anapokosa riziki ya wanawe, unamwona mama fulani unayemfahamu akikunja turubai lake na kwenda nyumbani mikono mitupu.

Sasa fikiria mwanafunzi aliyetazama kabla ya kusoma. Soko lake ni pazia lililochorwa na meza mbili. Tunu wake ana uso wa mwigizaji wa siku ile, sauti yake na hata kikohozi chake. Akikifungua kitabu baadaye, uso ule unamrudia kila ukurasa. Hajaumba chochote, ameumbiwa. Na jambo hili ni gumu kulirekebisha, kwa sababu kukutana na hadithi kwa mara ya kwanza hutokea mara moja tu.

Yule aliyesoma kwanza anapoketi kutazama ana masoko mawili: lake na la mwelekezi wa mchezo. Anayalinganisha. "Kumbe yeye ameona hivi!" Hapo ndipo utamu wa kutazama unapoanzia.

2. "NIKIJUA MWISHO, UTAMU UTAISHA"

Wanafunzi wengi hutoa hoja hii: "Mwalimu, nikisoma kwanza nitajua mwisho. Filamu itakuwa na raha gani?"

Hoja hii haifai kupuuzwa. Taharuki, yaani ile hamu ya kutaka kujua litakalofuata, ni mojawapo ya nguzo za hadithi, na wewe mwenyewe umefunzwa kuitaja kila unapochanganua mtindo. Anayejua mwisho amepoteza sehemu ya taharuki hiyo. Tukubali.

Lakini kumbuka utotoni. Bibi alipokutambia ngano ya Sungura na Fisi, ulimwomba airudie kesho yake, na keshokutwa. Ulijua vizuri kwamba Fisi atanaswa. Hata hivyo ulicheka kabla hajanaswa, kwa sababu ulijua. Ukimjua Fisi atakavyopatikana, kila neno la Sungura linakuwa na maana mbili: ile anayoisikia Fisi na ile unayoisikia wewe. Katika fasihi tunaita hali hiyo kinaya. Asiyejua mwisho hawezi kukionja kinaya cha mwanzo.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2011, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, nchini Marekani, walichapisha utafiti ambamo wasomaji walipewa hadithi fupi 12. Baadhi yao walidokezewa mwisho kabla ya kusoma. Kwa jumla waliodokezewa walizifurahia hadithi zaidi kuliko wasiodokezewa. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote na matokeo hayo, kwa hivyo usiyachukulie kama sheria. Yanatosha hata hivyo kutuonyesha kwamba kujua mwisho si lazima kuue utamu. Kunabadilisha swali. Asiyejua huuliza, "Nini kitatokea?" Anayejua huuliza, "Watakionyeshaje?" Swali hili la pili ndilo swali la mwanafunzi wa fasihi.

3. FILAMU HUBADILISHA NINI, NA KWA NINI?

Ukitazama ukiwa umesoma, utagundua mabadiliko. Usiishie kusema "wameharibu". Yapange katika mafungu haya manne.

(a) Kupunguza

Riwaya ina kurasa, filamu ina saa. Chukua Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, ambayo wenzako wa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania wamekuwa wakiisoma. Mwaka 2021 mwelekezi Amil Shivji aliitoa filamu yenye jina hilohilo, nayo ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Riwaya inamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee Raza, tangu ndoa ile isiyo na furaha hadi Mombasa na kurudi Unguja, kisha katika urafiki wake na Mwajuma na mapenzi yake na Denge, kijana anayepinga utawala wa wakoloni. Filamu ni ya saa moja na nusu hivi. Haiwezekani yote yakaingia. Mwelekezi analazimika kuchagua uzi mmoja na kuukaza.

Aliyesoma anaona uzi uliochaguliwa na anaona pia nyuzi zilizoachwa. Hapo ndipo anapojua mwelekezi aliipa uzito dhamira ipi. Aliyetazama tu hudhani uzi huo mmoja ndio nguo nzima.

Lakini tazama pia filamu inachoongeza. Kitabu hakiwezi kukupigia taarab. Filamu inaweza, na katika hii, aliyeigiza Mwajuma ni Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa. Kitabu hukuambia kwamba vichochoro vya Unguja ni vyembamba, nayo filamu hukupitisha ndani yake. Msomaji aliyekuwa akiibahatisha sauti ya muziki ule akilini sasa anaisikia. Hiyo ni zawadi, na huifurahia zaidi aliyekuwa akiisubiri.

(b) Kuonyesha kilichosimuliwa

Katika A Doll's House ya Henrik Ibsen, iliyokuwa kitabu teule katika somo la Kiingereza hadi mwaka 2022, mambo yote hutokea nyumbani kwa Helmer. Mambo ya zamani, kama vile mkopo wa siri wa Nora na uhusiano wa kale wa Kristine na Krogstad, tunayapata kwa mazungumzo, kidogo kidogo, kama mtu anayemenya kitunguu. Mwaka 1973 zilitolewa filamu mbili tofauti za tamthilia hii. Moja ilielekezwa na Patrick Garland na nyingine na Joseph Losey. Ile ya Losey inaanzia nje ya nyumba, miaka ya nyuma, na kutuonyesha kwa macho mambo ambayo Ibsen aliyaficha hadi wahusika wayataje wenyewe.

Je, Losey amekosea? Filamu hupenda kuonyesha. Hata hivyo kuna gharama: tukiona siri mwanzoni, hatuna tena nafasi ya kuifumbua pamoja na wahusika. Mwanafunzi aliyesoma anaijua gharama hiyo na anaweza kuieleza. Aliyetazama tu hajui kwamba kulikuwa na siri.

(c) Kubadilisha mandhari

Mfano huu uko karibu nasi. Mnamo Januari 2004, Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, akiwa na miaka 84, alijiandikisha katika darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, mtaani Langas, hapa Eldoret. Mwaka 2010 ikatolewa filamu ya The First Grader iliyoelekezwa na Justin Chadwick, ambamo Oliver Litondo aliigiza kama Maruge. Filamu hiyo haikutokana na riwaya. Ilitokana na kisa cha kweli. Lakini watu wa Eldoret walikuwa wameshakijua kisa kabla ya kukitazama, kwa hivyo wako katika hali sawa na ya msomaji wa kitabu.

Langas ni mtaa wa mjini uliosongamana nyumba na watu. Shule ya kwenye filamu iko mashambani, mahali pakavu na pa wazi, penye upweke. Mtazamaji wa London haoni tatizo. Wa Eldoret husema, "Hii si Langas!" Akishasema hivyo, aulize: kwa nini wamefanya hivyo? Labda shule iliyo peke yake jangwani humfanya mzee aonekane mpweke zaidi na safari yake ya kutafuta elimu kuwa ndefu zaidi. Ndiyo kazi ya mandhari katika fasihi, na umeijifunza darasani. Unaweza kuukubali uamuzi huo au kuupinga, lakini lazima kwanza uuone. Asiyeijua Langas hauoni.

(d) Kubadilisha mwisho

Turudi kwa Nora. Mwisho wake unaujua: anaondoka na kuwaacha mume na watoto. Mwaka 1880 tamthilia hiyo ilipokuwa ikiandaliwa kuigizwa Ujerumani, mwigizaji mkuu alikataa kuucheza mwisho huo, akisema mama hawezi kuwaacha wanawe. Ibsen, akihofia kwamba mtu mwingine angeuandika upya vibaya zaidi, aliandika mwenyewe mwisho mwingine ambamo Nora anapelekwa hadi mlangoni pa chumba cha watoto, anaishiwa nguvu na habanduki. Baadaye yeye mwenyewe aliulaani vikali.

Fikiria mwanafunzi wa wakati ule aliyetazama mchezo huo Ujerumani bila kukisoma kitabu. Angeandika kwamba dhamira ya Ibsen ni kuonyesha kuwa mapenzi ya mama hushinda yote. Angekosa kabisa, na asingejua kwamba amekosa.

Tanbihi: mabadiliko hayafanywi na wageni pekee. John Steinbeck, mwandishi wa The Pearl, alishiriki kuandika filamu ya Kimeksiko ya La perla iliyoelekezwa na Emilio Fernández na kutolewa mwaka 1947, mwaka uleule riwaya ilipochapishwa kama kitabu. Mwandishi mwenyewe akiingia kwenye filamu hukubali kwamba chombo kimebadilika. Ngoma haipigwi kama zumari.

4. KUVUNJIKA MOYO KWA MSOMAJI

Tusifiche upande wa pili. Anayesoma kwanza anaweza kutazama filamu akiwa amenuna tangu mwanzo hadi mwisho. "Tunu hakuwa mfupi hivyo." "Mbona Sudi ana ndevu?" Anakaa kama karani wa hesabu, akitia alama kila penye kosa. Yule mwenzake asiyesoma anacheka na kupiga makofi. Kwa saa mbili hizo, ni kweli, asiyesoma ndiye mwenye raha.

Kuvunjika moyo huku kuna sababu mbili, na ni vyema uzitenganishe.

Sababu ya kwanza ni mazoea. Umeishi na Tunu wako kwa wiki kadhaa, na huyu wa jukwaani ni mgeni. Hili halina uzito wa kifasihi. Mpe mgeni dakika 15 na utamzoea.

Sababu ya pili ni nzito zaidi: kuna kitu cha thamani kilichomo kitabuni ambacho filamu haiwezi kukibeba. Mara nyingi kitu hicho ni fikra. Chukua mwanzo wa Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei. Ridhaa amesimama mbele ya magofu ya maskani yake. Kwa nje, ni mtu aliyesimama tu. Kwa ndani, akili yake inarudi nyuma kwenye mkewe na wanawe, kwenye dalili alizozidharau, kwenye historia ya watu waliomwita mgeni mahali alipozaliana na kujenga. Mwandishi hutumia kisengere nyuma na uzungumzinafsia, nasi tunasimama ndani ya kichwa cha Ridhaa.

Filamu ina njia mbili tu za kawaida. Inaweza kumwonyesha mtu amesimama kimya, tusijue anawaza nini. Au inaweza kukatiza na kutuonyesha moto wenyewe, na hapo tutauona moto lakini tutampoteza mtu anayeukumbuka. Kwa msomaji wa Uasin Gishu, kaunti iliyoonja machungu ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, tofauti hii si ya kitaaluma tu. Kuuona moto kunatisha. Kukaa ndani ya moyo wa aliyenusurika na moto kunafundisha. Riwaya hufanya hili la pili.

Kwa hivyo ukitoka ukumbini umevunjika moyo, usiseme "haikuwa nzuri" ukalala. Chukua kalamu uandike: nilikikosa nini? Jibu utakaloandika ndilo jambo ulilolipenda kitabuni, na pengine hukuwa umelijua hadi ulipolikosa.

5. TAMTHILIA NI HALI TOFAUTI

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba kitabu ni kile kile. Sivyo. Riwaya huandikwa ili isomwe. Tamthilia huandikwa ili iigizwe. Mtu anayesoma Kigogo bila kuiona wala kuisikia ikiigizwa hajaipata yote, kama mtu anayesoma maneno ya wimbo bila sauti yake.

Kwa tamthilia, basi, tunapendekeza hatua tatu: soma, tazama, soma tena. Usomaji wa kwanza hukupa kisa na soko lako mwenyewe. Kutazama hukupa sauti, mwendo na ukimya. Majoka akinyamaza kabla ya kujibu, ukimya ule hausikiki vizuri kwenye karatasi. Usomaji wa pili hukurudisha kwenye maelezo ya jukwaani, yale maandishi ya mabano ambayo wengi huyaruka, na sasa unaelewa kwa nini yaliandikwa.

Hata hivyo, kikundi kinachozunguka shuleni kina mipaka yake. Waigizaji ni wachache, kwa hivyo mmoja huweza kuigiza wahusika wawili. Muda ni mfupi, kwa hivyo onyesho fulani huweza kuachwa. Na wanafunzi hupenda kucheka, kwa hivyo sehemu ya Ngurumo kule Mangweni kwa Mamapima huweza kurefushwa kwa vichekesho visivyokuwemo kitabuni. Mwigizaji hutaja hata jina la mtaa wenu ili ukumbi ulipuke. Ni sanaa halali. Lakini si Kigogo ya Pauline Kea, na aliyesoma ndiye pekee anayejua mpaka uko wapi.

Na si lazima ungoje kikundi. Gawaneni sehemu darasani wakati wa masomo ya jioni, msome kwa sauti, mmoja akisoma maelezo ya jukwaani. Haigharimu kitu.

6. HATARI KATIKA MTIHANI

Karatasi ya tatu ya Kiswahili (102/3) ina alama 80. Unajibu maswali manne, kila moja likiwa na alama 20. Mtahini husahihisha kwa kufuata kitabu. Hana nafasi ya kukupa alama kwa ulichokiona jukwaani.

Hatari hujitokeza hasa katika swali la dondoo. Tuchukue mfano wa Kigogo, iliyokuwa kitabu teule hadi mwaka 2022: tuseme umepewa maneno ya Ashua akiwa ofisini mwa Majoka, na unaulizwa ueleze muktadha (alama 4). Linganisha majibu haya.

Jibu la aliyetazama tu: "Maneno haya yanasemwa na Ashua. Anamwambia Majoka. Majoka amevaa suti nyeusi na anacheka kwa dharau huku watu wakipiga kelele nje."

Jibu la aliyesoma: "Msemaji ni Ashua. Anamwambia Majoka. Wako ofisini mwa Majoka. Ashua amekwenda kuomba msaada kwa sababu soko la Chapakazi limefungwa na familia yake imekosa riziki."

Jibu la kwanza lina msemaji na msemewa, basi. Suti na kelele ni za mwigizaji. Hazina alama. Jibu la pili lina msemaji, msemewa, mahali na sababu. Alama zote nne.

Hatari nyingine ni:
(i) Kukosa mbinu za lugha. Jazanda, tashbihi na methali hupita haraka jukwaani. Kwenye ukurasa zinakungoja.
(ii) Kukosa mfuatano. Mchezo uliopunguzwa hubadilisha mpangilio wa matukio, na swali la ploti litakunasa.
(iii) Kumhukumu mhusika kwa mwigizaji. Mwigizaji mwenye mzaha humfanya mhusika mbaya apendeke. Sifa za mhusika zitoe kwenye maneno na matendo yaliyomo kitabuni.

7. NA KAMA UMESHATAZAMA KWANZA?

Hujachelewa. Yaliyopita si ndwele. Fanya hivi:

Kwanza, kabla ya kufungua kitabu, andika kwenye ukurasa mmoja kisa kama unavyokikumbuka kutoka kwenye filamu au mchezo. Usikipambe.

Pili, soma kitabu ukiwa na karatasi hiyo kando. Kila unapokutana na jambo lisilokuwemo, litie alama ya kujumlisha. Kila unapokosa jambo uliloliona jukwaani, litie alama ya kutoa.

Tatu, wabadilishe wahusika nyuso kwa makusudi. Mpe Tunu uso wa dada unayemheshimu. Mpe Majoka sauti ya mtu mwingine kabisa. Mwanzoni uso wa mwigizaji utang'ang'ania, lakini ukifika katikati ya kitabu utalegea.

Nne, hesabu alama zako. Wengi hushangaa jinsi alama za kujumlisha zilivyo nyingi. Yote hayo yangekupita.

8. MUHTASARI

• Msomaji hujenga mandhari na nyuso mwenyewe. Anayetazama kwanza hujengewa.
• Kujua mwisho hupunguza taharuki lakini huongeza kinaya, na hubadilisha swali kutoka "nini" hadi "vipi".
• Filamu hupunguza, huonyesha kilichosimuliwa, hubadilisha mandhari na wakati mwingine hubadilisha mwisho. Kila badiliko lina sababu, na kazi yako ni kuitafuta.
• Kuvunjika moyo kwa msomaji kunaweza kumfunza alichokithamini kitabuni.
• Kwa tamthilia: soma, tazama, soma tena.
• Mtihani ni wa kitabu.

Nenda basi ukumbini siku hiyo ikifika. Lipa kiingilio, kaa mbele, cheka na wenzako. Lakini uende ukiwa na soko lako la Chapakazi tayari kichwani, lenye tope la Chepkoilel na harufu ya mahindi ya kuchoma, ili taa zikizimwa na pazia likifunguliwa uwe na cha kulinganisha.

9. MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza mambo manne ambayo filamu inayotokana na kitabu hubadilisha. Kwa kila jambo, toa mfano mmoja na sababu. (alama 8)
2. "Kujua mwisho wa hadithi huua utamu wake." Jadili kauli hii ukirejelea ngano moja ya jamii yako na kitabu teule kimoja. (alama 10)
3. Chagua tukio moja katika Chozi la Heri ambapo mwandishi ametumia kisengere nyuma. Ungekuwa mwelekezi wa filamu, ungelionyeshaje? Eleza ungepata nini na ungepoteza nini. (alama 6)
4. Kwa nini usomaji wa tamthilia unahitaji kutazama zaidi ya usomaji wa riwaya? (alama 4)
5. Umeombwa kuchagua mahali pa kurekodia filamu ya Kigogo karibu na shule yenu. Taja mahali pa soko la Chapakazi na pa Mangweni, na utetee chaguo lako kwa ushahidi kutoka tamthiliani. (alama 6)

Dokezo kwa swali la 5: hakuna mahali pamoja palipo sahihi. Ushahidi ndio unaopewa alama, na ushahidi unapatikana kwa aliyesoma.